Kutafuta na Kupiga Picha Uyoga wa Porini Siku ya Mvua: Mwongozo wa Amani, Usambara Mashariki

Picha nyingi za uyoga zinazorushwa mitandaoni na swali "huu ni uyoga gani?" hazijibiki. Zimepigwa kwa juu, mpigaji akiwa amesimama wima: inaonekana kofia ya kahawia na majani yaliyolowa, basi. Chini ya kofia hakuonekani, tako la shina limefichwa na majani, na mti ulio jirani umeachwa nje ya picha. Kesho kutwa uyoga wenyewe umeshaoza, na hakuna wa kurudi kuutazama tena.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutoka msituni na picha nzuri ambazo mjuzi aliye mbali anaweza pia kuzisoma. Mfano ninaoutumia ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Ni msitu wenye unyevu karibu mwaka mzima, njia zake zinapitika hata kukiwa na matope, na uyoga wake ni wa kila umbo. Mengi ya hapa yatakufaa pia Kakamega, Karura au kwenye misitu ya Pugu.

Chagua siku, kisha chagua saa

Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo msimu mkuu. Vuli ya Oktoba hadi Desemba inafuata, na hata katikati ya misimu hiyo manyunyu hayakosekani, kwa kuwa milima hii inapokea upepo wenye unyevu moja kwa moja kutoka Bahari ya Hindi.

Usikimbilie msituni siku ya mvua ya kwanza. Kile tunachokiita uyoga ni kiungo cha uzazi tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizotandaa ndani ya gogo au udongo, nazo zinahitaji unyevu wa siku kadhaa mfululizo kabla ya kutoa kitu juu. Mvua ikishanyesha siku nne au tano, hata kama kwa vipindi, ndipo ujiandae. Wakati huo uyoga hutokeza usiku mmoja, maana umbo lake lilikwishaundwa mapema na kazi iliyobaki ni kunywa maji na kuvimba.

Saa nzuri ni kuanzia saa 1 hadi saa 5 asubuhi. Kufikia mchana konokono na wadudu wameshatafuna kofia, na aina nyingine zimeshalala chini. Mfano ni Phallus indusiatus, ule unaovaa wavu mweupe mithili ya shela. Hufunguka alfajiri kwa muda mfupi sana, na mchana wavu wake umeshanywea. Utaujua kwa harufu ya uvundo kabla hujauona. Harufu hiyo huwaita nzi, na nzi ndio wanaobeba spora zake, yaani chembe zake za uzazi.

Manyunyu yasikutishe, ndiyo hali bora kuliko zote. Mawingu hulainisha mwanga, vivuli vikali hupotea, na rangi za gome na majani hukolea. Jua la saa 6 likipenya matawini huacha madoa meupe ambayo simu haiyamudu. Mvua ya radi ni jambo jingine kabisa: ikianza kunguruma, rudi.

Ruhusa na mwenyeji

Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Lipia kiingilio langoni Sigi na uchukue mwongoza wageni. Mweleze tangu mwanzo kwamba unatafuta uyoga, si vinyonga wala ndege, kwa sababu mwendo wake ni tofauti: mtachukua saa nzima mahali ambapo wageni wengine hupita kwa dakika kumi. Kibali cha matembezi hakikupi ruhusa ya kuchuma. Ndani ya hifadhi tunapiga picha na kuacha kila kitu mahali pake, na utaratibu ninaouelekeza hapa chini umepangwa hivyo.

Cha kubeba

Gambuti, koti la mvua na suruali unayoweza kupigia magoti kwenye matope. Mwavuli, ambao kazi yake kubwa ni kuikinga kamera, wewe baadaye. Mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa maharage, wa kulazia simu au kamera karibu na ardhi. Msituni unafaa kuliko stendi ndefu ya miguu mitatu. Kioo kidogo cha mkononi. Kipande cha foili ya kufungia chakula, cha kurudisha mwanga kwenye upande wenye giza. Tochi, rula fupi, daftari, na penseli badala ya kalamu, kwa kuwa penseli huandika hata kwenye karatasi yenye unyevu. Vitambaa viwili vya pamba vilivyofuliwa mpaka vikalainika, kimoja cha mikono na kingine cha lenzi peke yake, usivichanganye. Kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana litatunza simu na pawabenki.

Tazama wapi

Wengi hukosea hapa kwa sababu wanakuja na mazoea ya misitu mingine. Aliyekulia Iringa, Tabora au Katavi amezoea kuutafuta uyoga ardhini, na kwao ni sahihi. Miti mikuu ya miombo, kama mitundu na mikusu, ina ushirika mizizini na kuvu, yaani zile nyuzi zinazozaa uyoga. Kuvu hufunika ncha za mizizi na kuupa mti maji na madini, na mti huilipa kuvu kwa sukari. Uyoga wa manjano wa jamii ya Cantharellus, ambao akina mama huuza kando ya barabara kwa kisado msimu wa mvua, huzaliwa na ushirika huo. Kata miti, na uyoga ule nao umekwisha.

Miti mingi ya msitu wa mvua wa Usambara ina ushirika wa namna nyingine, na kuvu za mizizi yake hazitoi uyoga juu ya ardhi. Kwa hiyo ukikazia macho udongo tu, utatembea asubuhi nzima ukiona kidogo. Amani tazama mbao: magogo yaliyoanguka, visiki, matawi makavu yaliyonasa kwenye vichaka, hata vijiti vyembamba kama kalamu.

Ukikuta gogo, usilipite. Lizunguke pande zote mbili, kisha chutama utazame ubavu wake wa chini ambako maji hukawia kukauka. Upande unaopigwa na jua utakuta Pycnoporus sanguineus, rafu nyembamba za rangi nyekundu ya chungwa, na Schizophyllum commune, vijipepeo kama vya kupepea moto, vya kijivu na vyenye manyoya, ambavyo chini yake kila mkunjo, yaani kila ukuta mwembamba ulio chini ya kofia, umepasuka katikati kwa urefu. Hivi viwili huvumilia kiangazi, kwa hiyo ni wenyeji wa kudumu na wanafaa kwa mazoezi ya kamera. Upande wenye kivuli huota Auricularia, laini na wenye umbo la sikio, ambao ukikauka hujikunja kama ngozi na mvua ikirudi huvimba upya. Hapo hapo tafuta Cookeina, vikombe vya waridi au chungwa vinavyosimama kwenye vijiti, mara nyingi vikiwa vimekinga maji ya mvua. Ukiona kofia nyeupe zinazong'aa kwa ute, zimejipanga juu ya gogo bichi kidogo, huenda ni Oudemansiella. Hakuna uyoga unaopendeza zaidi ya huo mwanga ukitokea nyuma yake, kofia yote huwa kama kioo.

Kwenye majani yaliyooza shuka chini zaidi. Marasmius wana mashina membamba kama unywele, na kofia nyingine hazizidi ukucha wa kidole kidogo. Huwezi kuziona ukiwa umesimama. Piga goti, tazama eneo la ukubwa wa mkeka kwa dakika tatu bila kusogea, na macho yatazoea. Kisha rudi kwa njia ile ile uliyokwenda, maana ukitazama kutoka upande mwingine utaona ulichokipita.

Vichuguu ni habari ya peke yake. Uyoga wa kichuguu, Termitomyces, hulimwa na mchwa. Wafanyakazi hubeba vipande vya miti na majani makavu, hujenga masega ndani ya kichuguu, na kuvu huota juu ya masega hayo na kugeuka chakula chao. Ushirika huu umedumu takriban miaka milioni 30, na chimbuko lake ni Afrika. Mvua zikishika, uyoga husukuma mzizi mrefu kutoka kwenye sega hadi juu ya ardhi, wakati mwingine nusu mita au zaidi. Zambia na Katanga hupatikana Termitomyces titanicus, ambao kofia yake yaweza kufikia upana wa mita moja. Wenye kofia ndogo kuliko zote, Termitomyces microcarpus, huota mamia kwa pamoja, weupe umetapakaa ardhini. Utaukuta zaidi mashambani na kwenye nyasi nje ya msitu mnene, kwa hiyo ukitoka msituni usiifunge kamera mapema. Usichimbe kuufuata mzizi. Utabomoa nyumba ya mchwa kwa ajili ya picha moja.

Picha saba za kila uyoga

Ukishaupata, simama kwanza. Tazama ulipokanyaga na utakapoweka goti, kwa kuwa mara nyingi uyoga una ndugu zake karibu. Halafu fuata mpangilio huu, na usiugeuze: picha za mwanzo hazigusi kitu, za mwisho zinagusa kidogo.

1. Mahali. Rudi nyuma hatua mbili au tatu upige uyoga pamoja na gogo, kichuguu au mti unaouzunguka. Watu huiruka picha hii kwa sababu haina uzuri, lakini ndiyo inayomwambia msomaji kama uyoga umeota kwenye mbao, udongo, samadi au mzizi uliofukiwa.

2. Ubavu. Lala chini, kamera iwe kimo kimoja na uyoga. Kofia, shina na tako vyote viingie. Ukitaka picha moja tu ya kutundika ukutani, ni hii.

3. Juu ya kofia, kamera ikitazama chini moja kwa moja, ili umbo lisipotoke.

4. Chini ya kofia. Hapa ndipo penye siri kubwa. Je, kuna mikunjo, matundu madogo, meno, au ni laini tu? Mikunjo imeshikana na shina, imeteremka juu yake, au imesimama mbali nalo? Teleza kioo chini ya kofia na upige kinachoonekana kiooni, au geuza simu kichwa chini ili lenzi iwe karibu na ardhi na ipige kwenda juu. Foili iliyolazwa chini itaangaza giza lililoko hapo.

5. Shina na tako. Ondoa kwa vidole majani makavu yaliyolifunika tako, polepole, kisha uyarudishe. Unatafuta pete shinani, na kikombe kama mfuko chini kabisa. Uyoga wenye pete na kikombe pamoja huenda ni Amanita, ukoo wenye aina zinazoliwa miombo na zenye sumu kali zaidi duniani. Picha isiyo na tako haiwezi kuutenga huu na ule.

6. Kinachobadilika. Kama mnyama ameshaumega, piga pale palipomegeka: je, kuna utomvu mweupe, je, nyama imegeuka bluu, nyekundu au nyeusi? Andika harufu daftarini, kamera haiichukui.

7. Kipimo. Weka rula kando yake, picha moja inatosha. Huna rula, tumia sarafu ya shilingi 200.

Kabla ya kuinuka piga pia majani ya mti ulio juu yako na gome lake, au muulize mwongozaji jina lake uandike kama alivyolitamka. Majina ya Kisambaa ni hazina: akikuambia mti huu ni msambu, umeshapata taarifa ambayo huenda usiipate tena ukishafika nyumbani.

Kuishika kamera kwenye mvua

Kwa simu, gusa uyoga kwenye kioo na ushikilie hadi ulengaji ujifunge, kisha punguza mwanga kidogo kwa kitelezi. Kofia nyeupe ndizo zinazoharibika zaidi, huungua zikabaki doa tupu lisilo na mistari. Ni afadhali picha iwe na giza kidogo kuliko kuungua, giza linarekebishika. Simu nyingi hazilengi vizuri chini ya sentimita nane au kumi, kwa hiyo usiisukume puani mwa uyoga. Rudi nyuma, kuza mara mbili, ukate kingo baadaye. Ukitumia hali ya makro, ile ya picha za karibu sana, angalia kivuli cha simu yenyewe.

Laza simu kwenye mfuko wa maharage na utumie kihesabio cha sekunde tatu, ili mkono usitikise. Chini ya miti minene mwanga ni hafifu sana, na mkono uliolowa na wenye baridi hautulii. Mwenye kamera kubwa aanze na tundu la lenzi la f/8 au f/11 na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, isiyozidi 400, na asiogope mfichuo, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, wa nusu sekunde au zaidi: uyoga hauna haraka, upepo tu ndio adui. Uyoga wenye shina la unywele utatikiswa hata na pumzi yako, subiri.

Zima flashi ya simu. Hupiga usoni, hung'arisha kila tone na kufuta umbo. Badala yake shika tochi pembeni, au nyuma kidogo ya kofia, mwanga upenye mikunjo. Majani ya juu huchuja mwanga ukawa wa kijani. Piga picha moja ukiwa umeweka karatasi nyeupe kando ya uyoga, itakusaidia kusahihisha rangi baadaye.

Futa lenzi kabla ya kila uyoga mpya, si baada ya kugundua ukungu. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya kopo lililofungwa kwa nusu saa izoee joto la nje, la sivyo kioo kitafunikwa na mvuke. Matone juu ya kofia yaache, ndiyo sura halisi ya siku hiyo.

Mvua ina zawadi zake ambazo siku kavu haitoi, nazo ni za kupigwa kwa video ya mwendo wa pole. Uyoga wa mpira, ule usio na kofia, una tundu juu. Kila tone likiupiga ubavuni hupumua wingu la vumbi, na vumbi hilo ni spora. Cyathus, wenye umbo la kiota chenye mayai ukubwa wa punje ya mtama, hutegemea matone kwa namna nyingine: tone likidondokea ndani ya kiota hurusha mayai hadi karibu mita moja. Ukipata viota hivi kwenye kijiti kinachodondokewa na maji, weka kamera juu ya mfuko wa maharage, funika kwa mwavuli, na usubiri. Video ya namna hii kutoka misitu yetu ni adimu.

Usalama

Siafu hutoka kwa wingi siku za mvua. Tazama ardhi kabla ya kupiga goti, kila mara. Kifutu hulala kati ya majani makavu na rangi yake ni ya majani hayo hayo, kwa hiyo usipeleke mkono nyuma ya gogo ambako jicho halijafika. Piga majani kwa fimbo kwanza. Jihadhari na upupu kwenye kingo za mashamba. Usisimame chini ya mti mkavu wakati wa upepo, na usivuke kijito kilichobadilika rangi ghafla, maana mvua imenyesha juu mlimani.

Ukirudi

Kausha vifaa kabla ya kujikausha mwenyewe. Kisha, siku hiyo hiyo, panga picha saba za kila uyoga pamoja na maelezo ya daftari. Ukilala, uyoga wa tatu na wa nne watakuwa wamechanganyika kichwani.

Zipandishe iNaturalist, jukwaa lililoanza mwaka 2008 ambako watu wa nchi mbalimbali husaidiana kutambua viumbe. Picha zote za uyoga mmoja ziwekwe kwenye taarifa moja, zikiwa na tarehe na mahali. Washa huduma ya mahali kwenye simu tangu asubuhi, kwa kuwa chini ya miti huchelewa kushika. Programu ikikupendekezea jina la spishi usilipokee upesi: imefunzwa zaidi kwa uyoga wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Ishia kwenye jenasi, yaani jina la ukoo wa spishi zinazokaribiana, kama "Marasmius" au "Ganoderma", na uwaachie wajuzi waendelee. Wataalamu hukadiria kuwa kuna spishi za kuvu kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8 duniani, na zilizopewa majina ni takriban 150,000. Misitu ya Afrika ni miongoni mwa iliyochunguzwa kidogo. Huenda uyoga ulioupiga asubuhi hauna jina bado, na picha zako saba zikawa sababu ya mtu kwenda kuutafuta.

Jina lililopatikana kwa picha si ruhusa ya kula. Sumu ya Amanita wabaya huchelewa saa 6 hadi 24 kabla ya kuonyesha dalili, wakati ini limeshaanza kuharibika, na kupika hakuiondoi. Ule unaoliwa utambuliwe na mzee wa mahali hapo hapo, akiushika mkononi.

Jambo moja linahitaji kuchuma, nalo ni alama ya spora. Lifanye nje ya hifadhi, kwenye uwanja wako au shamba ambalo mwenyewe ameridhia. Kata shina, laza kofia juu ya karatasi iliyo nusu nyeupe nusu nyeusi, mikunjo ikitazama chini, funika kwa bakuli, uache hadi asubuhi. Spora zitadondoka na kuchora mistari ya mikunjo. Anza na uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia unaoota kwenye nyasi za bustani mvua zikishika. Ukikuachia alama ya kijani, ni Chlorophyllum molybdites, unaotapisha na kuharisha vibaya watu wanaoudhania wa kula. Nawa mikono na kuutupa mbali na watoto. Karatasi ipige picha kwa mwanga wa dirishani siku hiyo hiyo, rangi ikiwa bado mbichi, na uiongeze kwenye taarifa ya uyoga ule.